Fundisho kwa Wengine

Kusini magharibi mwa Uganda, katika Ziwa Bunyonyi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Ni kipande cha ardhi yenye nyasi, kisicho na chakula wala makazi. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20, Bakiga walioishi kando ya ziwa hilo waliwapeleka huko wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa. Msichana alipakiwa katika mtumbwi, akavushwa, akaachwa. Njaa ilimmaliza, au maji yalimmaliza alipojaribu kuogelea kurudi kwao. Wachache waliokolewa, lakini kwa namna ya pekee: mwanamume asiye na ng'ombe wa kulipa mahari aliweza kwenda kisiwani, akamchukua mmoja na kumfanya mke bila kudaiwa chochote.

Wazee waliosimulia desturi hiyo walieleza kusudi lake bila kuficha. Ilikuwa ni kuwatia hofu waliobaki. Msichana aliyevushwa alikuwa somo kwa wale waliosimama ufukweni wakiutazama mtumbwi unavyotokomea. Kusudi hilo ndilo linalostahili kufikiriwa leo, kwa kuwa desturi imekufa na kusudi lake lingali hai. Limeingia mahali ambapo mtu angetarajia kulikuta mwisho kabisa, yaani katika kanuni za shule.

Tanzania Bara, kanuni zilizotungwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa. Mimba haikutajwa humo. Hata hivyo kwa miaka mingi mimba ilisomwa kuwa ndilo kosa lenyewe dhidi ya maadili, na msichana aliyegundulika nayo aliondolewa. Mwezi Juni 2017, akihutubia mkutano wa hadhara Chalinze, Rais John Magufuli aliondoa shaka iliyokuwa imebaki: katika utawala wake, hakuna aliyezaa ambaye angerudi katika shule ya serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyezaa, akirudi darasani, atawaambukiza wenzake tabia hiyo. Sierra Leone nayo iliwafungia wasichana wajawazito milango ya shule za kawaida, kwa hofu ile ile ya wenzao kuharibika, hadi Mahakama ya ECOWAS ilipoamua Desemba 2019 kwamba huo ni ubaguzi. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2020. Tanzania ilifuata Novemba 2021, kwa waraka wa elimu ulioruhusu wasichana hao kurejea masomoni ndani ya miaka miwili. Mwaka uliofuata, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba kufukuzwa huko, pamoja na vipimo vya mimba vya lazima, kulivunja haki za watoto. Wakati waraka ulipotolewa, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba wasichana wapatao 6,500 walikuwa wakiacha shule kila mwaka kwa sababu ya ujauzito au uzazi.

Mtu anaweza kusema kwamba suala limekwisha. Mlango umefunguliwa, kwa nini kuendelea kuugongagonga? Lakini mlango ulifunguliwa kwa waraka, na waraka hufutwa kwa waraka. Zaidi ya hayo, ulifunguliwa kabla swali la kimaadili lililoufunga halijajibiwa. Je, jamii ina haki ya kumfanya mtu mmoja kuwa fundisho kwa wengine?

Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanalijua neno hilo kwa namna linavyotumika mahakamani. Mwendesha mashtaka huomba adhabu kali itolewe, ili iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Katika kesi ya jinai maneno hayo huja mwishoni, baada ya kosa kuthibitishwa na mshtakiwa kupewa nafasi ya kujitetea. Adhabu humstahili kwanza yeye mwenyewe, na fundisho ni faida ya ziada. Kwa msichana mjamzito, mpangilio huo umepinduliwa. Hakuna aliyemuuliza kama alilazimishwa au alidanganywa, kama alimpenda mtu au alihitaji nauli ya kufika shuleni. Kinachotafutwa ni fundisho, na kosa hudhaniwa ili fundisho lipatikane. Ajabu nyingine ni mahali penyewe. Mtoto aliyekuja shule ili apewe mafundisho anageuzwa yeye kuwa fundisho, na masomo ya wenzake yanalipiwa kwa masomo yake.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba ni kosa kumtumia mwanadamu kama chombo tu cha kufikia lengo fulani, hata lengo likiwa jema. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda hadi Königsberg kulipata wazo hilo, kwa kuwa sarufi yake inalibeba. Mtu na kitu vina shina moja. Kinachotofautisha ni kiambishi, na anayetaka kumdhalilisha mwenzake humtoa katika ngeli ya watu akamwita kijitu. Kumtazama msichana na kuona tumbo tu, kisha kuona katika tumbo hilo onyo la kuwaonyesha wengine, ni kumhamisha ngeli. Amekuwa kibao kilichosimikwa njiani.

Watetezi wa marufuku wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba mtu ni watu: hakuna anayeishi peke yake, na jamii haiwezi kulea watoto bila kuwawekea mipaka inayoonekana. Mama anayeuza mandazi alfajiri ili binti yake apate sare na daftari ana hofu halisi. Anajua mimba moja inaweza kufuta kazi ya miaka 10. Hofu ya kufukuzwa, kwake, ni ua aliojengewa binti yake bila malipo, naye haoni kwa nini ua huo ubomolewe kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyekwisha kuuruka. Tena atauliza: haki ya wale waliojizuia iko wapi, ikiwa waliojizuia na wasiojizuia wanaketi dawati moja?

Jibu la haraka kwa mama huyo ni takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 22. Lakini takwimu hizo zinaweza kuvutwa pande zote mbili. Mtetezi wa marufuku atasema kupungua huko kulitokea wakati ua ungali umesimama. Mpinzani wake atasema kwamba katika kila wasichana watano, mmoja bado aliuvuka, na kwamba hesabu hiyo inawajumuisha pia wengi ambao hawakuwa shuleni hata siku moja. Hakuna anayeshinda kwa hesabu, na pengine ni vizuri iwe hivyo. Hata ingethibitika kwamba hofu inazuia mimba, swali lingebaki pale pale. Huenda Akampene nacho kilizuia mimba nyingi. Hakuna leo anayekitetea kwa sababu hiyo.

Ua wenyewe nao, ukikaguliwa kwa karibu, haulindi kile ambacho mama yule anadhani unalinda. Kanuni inadai kuadhibu tendo, lakini inachoadhibu ni alama ya tendo. Mvulana aliyeshiriki tendo lile lile hana tumbo linalokua, kwa hiyo kanuni haimwoni. Msichana aliyeshiriki na hakushika mimba haonekani pia. Aliyepata dawa za kuzuia mimba kwa siri haonekani. Aliyeitoa mimba kwa siri, kwa njia salama au kwa vijiti na majani, akanusurika, naye yumo darasani Jumatatu asubuhi. Anayeonekana ni mmoja tu, yule aliyeibeba mimba hadi ikajitokeza. Ndiyo maana shule nyingi zilikuwa na desturi ya kuwapanga wasichana mstari, kuwabonyeza matumbo au kuwapima mikojo. Mvulana hakuitwa katika mstari huo.

Hapa wanaopinga utoaji mimba kwa imani yao wanapaswa kutafakari zaidi kuliko wengine wote. Sheria ya Tanzania, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni Mwingereza, inakataza kutoa mimba isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama. Msichana wa kidato cha tatu alijikuta kati ya amri mbili za dola ile ile. Ya kwanza ilimwambia asiitoe. Ya pili ilimwambia kwamba akiibeba ataondoka. Palipobaki njia moja ya kuendelea kusoma, njia hiyo ilipita gizani, nyumbani kwa mtu asiyejulikana, pengine na kuishia wodini. Kanuni iliyotetewa kwa jina la uhai na maadili ilimwadhibu hasa yule aliyeuchagua uhai, ikamwacha aliyefaulu kuficha. Somo lililowafikia waliokuwa wakitazama kutoka ufukweni lilikuwa hili: dhambi ni kuonekana.

Dola yenyewe haikuwa na kauli moja juu ya msichana huyo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia tendo hilo, na kwa hiyo anayelala naye amembaka. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa. Mbele ya hakimu, basi, msichana ni mhanga. Akivuka barabara kutoka mahakamani hadi shuleni, anakuwa mkosaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana asiye na idhini hiyo anangoja hadi 18. Na sheria ile ya 1998 inamsamehe mwanamume ikiwa aliye naye ni mkewe aliyefikia miaka 15. Kwa hiyo mtoto yule yule, katika juma lile lile, kwa tendo lile lile, aliweza kuitwa mhanga, mkosaji au mke, kutegemea ofisi aliyopelekwa kwanza.

Mwanasheria kijana Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo vya ndoa. Mwaka 2016 mahakama ilikubaliana naye kwamba vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo Oktoba 2019. Mwaka mmoja huo ulipita, na mingine baada yake, bila vifungu kurekebishwa. Mkanganyiko huu si wa bahati mbaya tu. Kila ofisi ilikuwa ikilinda kitu chake: moja heshima ya baba, moja jina la shule, moja amani ya ndoa. Msichana mwenyewe hakuwa lengo la yeyote kati ya hizo.

Kuna neno ambalo watetezi wa marufuku hulikimbilia wanapoishiwa hoja za sheria, nalo ni stara. Msichana aliyezaa, husemwa, amevunja stara ya darasa. Neno hili lina uzito mkubwa Pwani na visiwani, na kila anayelitumia vibaya anapaswa kurudishwa kwenye maana yake. Kusitiri ni kufunika. Anayemsitiri mwenzake huificha aibu yake ili aweze kuendelea kuishi kati ya watu. Kumwita msichana mbele ya wenzake na kumkabidhi barua ya kumfukuza, kisha kumpeleka kijijini akiwa amebeba sanduku la bati kichwani, ni kumfunua. Kwa kipimo cha stara chenyewe, aliyevunja stara ni mwenye barua. Si ajabu kwamba Zanzibar, ambako stara ni sehemu ya malezi ya kila nyumba, ilikwisha kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule wakati Bara ikiwafukuza, ndani ya Jamhuri hiyo hiyo moja. Kenya nayo ilikuwa na sera ya kuwarudisha tangu mwaka 1994.

Stara ya zamani, tena, haikuwa ukimya. Katika miji ya Waswahili msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo au kungwi wake, aliyemfundisha mwili wake, tohara, hedhi, mume na uzazi, kwa maneno yasiyofumbwa na kwa ngoma zilizochezwa na wanawake peke yao. Bi Kidude, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, alikuwa pia mwalimu mashuhuri wa unyago. Mafunzo hayo hayakuwa kamili, na mengi yalimwandaa msichana kumridhisha mume zaidi ya kujijua. Lakini yaliwekwa mikononi mwa mtu anayejulikana, mwenye wajibu unaojulikana. Shule ilipokuja ikachukua miaka yote ya ujana wa msichana, na nafasi ya somo ikabaki tupu. Mwalimu wa baiolojia alichora mfuko wa uzazi ubaoni kwa chaki akafuta haraka. Jamii iliyomnyima mtoto maarifa kisha ikamwadhibu kwa kutokuwa nayo haiwezi kusema kwamba ilimsitiri.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni kwamba madai ya kumrudisha msichana shule ni ya kigeni, yameletwa na wafadhili na kukubaliwa na Waswahili wanaoishi ng'ambo. Wasomaji walioko Minneapolis, Leicester au Maskati wameisikia hoja hii hata mezani pao. Historia haiikubali. Huko huko Marekani, wasichana wajawazito waliondolewa shuleni kwa desturi hadi nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ililazimika kuiamuru shule moja ya sekondari impokee tena msichana mjamzito asiyeolewa. Sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilikuja mwaka 1972, na kanuni zake za mwaka 1975 ndizo zilizotaja mimba waziwazi. Walioshinda haki hiyo walipambana na wazee wao wenyewe, waliozungumza juu ya mfano mbaya kwa maneno ambayo Chalinze yangeeleweka vizuri. Wala kumhamisha msichana si desturi ya bara moja. Familia ya ughaibuni inayomkatia binti tiketi ya kwenda kwa bibi yake kabla tumbo halijaonekana inautumia mtumbwi ule ule, ingawa sasa unaruka angani.

Ni nani basi aliyesema kwa niaba ya wasichana hawa? Mara nyingi ni wanawake wa vyuo vikuu, wanafunzi na waliokuwa wanafunzi. Harakati zao Tanzania zina kumbukumbu yenye uchungu. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Punch. Punch lilikuwa gazeti la ukutani lisilo na mhariri anayejulikana, lililowachora na kuwaanika hasa wanawake waliowakataa wanaume. Huko nako mwanamke mmoja aliteuliwa awe fundisho kwa wengine, na ukuta ukafanya kazi ya kisiwa. Kifo hicho kiliwatikisa wanawake wa Mlimani na nje ya Mlimani. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa mstari wa mbele katika kampeni dhidi ya ukatili wa kijinsia zilizoishia kwenye ile sheria ya 1998.

Ujasiri wa wanawake hao haupingiki. Hata hivyo harakati za wanafunzi zina tatizo ambalo haziwezi kulikwepa: mwanafunzi ni yule aliyebaki. Anayeshika kipaza sauti chuoni ni kwa sababu hakufukuzwa kidato cha pili. Pengine hakuwahi kushika mimba. Pengine aliishika na ikafichika. Au mzazi wake alikuwa na fedha za kumpeleka shule binafsi mkoa mwingine. Na akishika mimba chuoni, anaweza kuahirisha masomo kwa barua, ajifungue na kurudi. Umri hauelezi tofauti hiyo, maana wapo wasichana wa kidato cha sita wenye miaka 19 au 20 waliofukuzwa. Maadili hayaielezi pia, maana tendo ni moja. Kinachoeleza ni lango tu. Aliyekwisha kulivuka huitwa mtu mzima mwenye dharura, na ambaye hajalivuka huitwa mfano mbaya.

Kutoka hapo linazaliwa jaribu ambalo wanaharakati wenyewe hawaliogopi vya kutosha. Ili kuishawishi serikali na wafadhili, huhitajika hadithi, na hadithi inayopendwa ina umbo moja. Msichana alibakwa, alifukuzwa, alijifungua kwa tabu, alipata mlango wa pili, leo ni muuguzi au mwanasheria. Picha yake huwekwa kwenye bango, akiwa ametabasamu na mtoto mgongoni. Hadithi kama hizo ni za kweli, na mwenye yake ana haki ya kuisimulia. Lakini bango lina mantiki yake. Linasema kwamba anastahili kurudi kwa sababu hakuwa na hatia, na kwa sababu aliporudi alifaulu. Na yule aliyempenda kijana wa jirani kwa hiari yake, akarudi shule, akapata daraja la nne? Bango halina nafasi yake. Kwa mara ya pili msichana amefanywa fundisho. Mara ya kwanza lilikuwa la kutisha, safari hii ni la kutia moyo. Katika yote mawili thamani yake iko kwa watazamaji.

Haki haiombwi kwa cheti cha usafi wala kwa matokeo ya mtihani. Mvulana anayepata sifuri katika hesabu haulizwi kama alistahili dawati. Mtoto aliyeiba embe la jirani huchapwa au husamehewa, kisha huendelea na darasa la tano. Elimu ya mtoto haikuwahi kuwa tuzo ya tabia njema kwa yeyote, isipokuwa kwa msichana mwenye tumbo. Hoja iliyo imara zaidi ya kumrudisha ni ile isiyovutia kwenye bango: kwamba yeye ni mwanafunzi, na kuzaa hakukulifuta hilo. Hoja hii humjumuisha aliyebakwa na aliyependa, mwenye akili nyingi na wa kawaida, anayetubu na asiyeona la kutubia. Pia humjibu mama wa mandazi. Binti yake aliyejizuia hakupoteza chochote mwenzake anaporudi, kwa kuwa hakuna dawati lililowekwa mezani kama zawadi ya kujizuia. Kinyume chake, anapata uhakika kwamba na yeye, siku akiteleza au akisukumwa, hatahesabiwa kuwa si mtu.

Wajibu wa wanafunzi wanaharakati, kwa maana hiyo, hauko katika kuwa sauti ya wasio na sauti. Wasichana hao wana sauti. Kilichokosekana ni mahali pa kusikika. Wajibu ulio mgumu zaidi ni kupigania mambo yasiyo na sherehe. Lango lililofunguliwa kwa waraka halimnyonyeshi mtoto. Msichana anayerudi kidato cha tatu anahitaji mtu wa kumshikia mtoto kuanzia alfajiri hadi alasiri, na mara nyingi mtu huyo ni bibi ambaye naye ana shamba. Anahitaji nusu saa ya kukamua au kunyonyesha bila kuombewa ruhusa na mkutano wa walimu. Anahitaji mwalimu mkuu asiyemwambia kwamba nafasi zimejaa. Anahitaji nauli. Anahitaji pia maarifa ya kuzuia mimba ya pili, yanayotolewa bila kejeli na mhudumu wa zahanati asiyemjua mjomba wake. Na kipindi cha miaka miwili kilichowekwa na waraka kinaweza kumpita aliye mbali na barabara, ambaye habari zilimfikia mtoto akiwa tayari anatembea. Haya hayachoreki kwenye bango, lakini kila mojawapo likikosekana lango hujifunga lenyewe, na safari hii hakuna wa kulaumiwa kwa kulifunga.

Wale wanaume waliokwenda Akampene na mitumbwi hawakuwa wakatili kuliko wengine. Kwa msichana aliyeachwa pale, kila mmoja wao alikuwa uhai. Lakini walimwokoa kwa sharti, na sharti lilikuwa kwamba aache kuwa binti wa mtu na awe mke wa bei rahisi. Msichana aliyefukuzwa shule aliokolewa vivyo hivyo na ndoa ya haraka, au na chumba cha kushona cherehani alichohisaniwa, akatakiwa kushukuru. Jamii ambayo kweli imeacha kisiwa chake itamjulia kwa jambo moja dogo: asubuhi anaporudi darasani, mwalimu anaita majina, anafika kwenye jina lake, anasikia "Nipo", na anaendelea na jina linalofuata.